Bapa la Mwisho la Mhunzi

Satini hakuwa na alama za vidole. Miaka thelathini na sita ya kuvuta msasa juu ya visu ilikuwa imezifuta zote kumi, na alipokwenda kuchukua kitambulisho kipya ile mashine ilimkataa mara saba. Karani akamwomba aoshe mikono. Akaosha. Akamwomba aoshe tena kwa sabuni. Akaosha. Mwishowe karani akamtazama toka juu mpaka chini, akamuuliza kwa heshima zote kama ana uhakika kwamba amezaliwa. Satini akamjibu kuwa amezaliwa vizuri tu, ila amesuguliwa. Foleni nzima ilicheka, na inasemekana mmoja alicheka hadi akapitwa na zamu yake, akarudi nyumbani bila kitambulisho lakini na furaha.

Jina lake halisi lilibaki kwenye hicho kitambulisho na halikuwa na kazi nyingine. Watu walimwita Satini kwa sababu ya mng'ao alioutoa kwenye chuma. Kaka yake mkubwa alikuwa mhunzi. Ndiye aliyefua visu, na Satini ndiye aliyevimalizia. Mtu akiwauliza wanagawanaje kazi, Satini alisema, "Kaka anazaa, mimi naogesha na kuvalisha."

Wako wanaodhani kisu kizuri ni kile kinachong'aa kama kioo. Hao ni watu wa kuonewa huruma. Kioo ukikishika mara moja tu kinakutangaza. Mng'ao wa satini ni kitu kingine. Ni ule mwanga mpole wa kitambaa cha bibi harusi kikielekezwa dirishani, na ukisogeza kisu karibu unaona mwanga huo umetengenezwa na mistari myembamba maelfu kwa maelfu, yote ikitoka shina la bapa kwenda kwenye ncha, hakuna hata mmoja unaomkatisha mwenzake. Walikuwepo waliokula kiapo kwamba nzi akitua kwenye bapa la Satini huweza kutembea kuelekea nchani tu, kwa kuwa njia ya pembeni haijawekwa. Mimi huyo nzi sikumwona, lakini bapa nililiona, na sikuwa na sababu ya kubisha.

Mwaka huu kaka mtu alikuwa kitandani. Kifua kilikuwa kimemchoka kwa moshi na vumbi, na alikataa kulazwa chumba cha mbele kama mgonjwa mwenye adabu. Alitaka kitanda kiwekwe chumba cha nyuma, kwenye ukuta wa mbao uliopakana na karakana, ili asikie kazi. Mkewe, ambaye Satini alimwita Shemeji hata pale alipomkasirikia, alilalamika siku mbili kisha akakisukuma kitanda mwenyewe.

Kabla ya kulala moja kwa moja, mhunzi alifua bapa moja la mwisho. Lilikuwa la binti yake, mpishi kwenye jiko la hospitali, ambaye alikuwa ameahidiwa kisu tangu siku aliyoajiriwa, miaka tisa iliyopita. Kila mara mteja mwingine alitangulia. Safari hii mhunzi aliinuka kitandani siku tatu mfululizo, akafua kidogo, akakaa, akafua, akakaa, na siku ya nne akalizima bapa kwenye mafuta ili lipate ugumu. Kisha akarudi kulala, na daktari akamwambia Shemeji nje ya mlango, kwa sauti ambayo nyumba nzima iliisikia, kwamba huyu hatasimama tena. Mhunzi aliomba kitu kimoja tu: Jumapili binti akija, amkabidhi kisu chake kwa mkono wake mwenyewe, kikiwa safi.

Kwa hiyo hapangefuliwa bapa jingine. Satini alilijua hilo kila alipokaza jiliwa lililolibana bapa.

Jumanne asubuhi alikuwa amefika msasa wa mia sita. Kazi hii haina siri kubwa, ina subira tu. Unaviringisha msasa kwenye kibao kigumu, unavuta, na kadiri namba inavyopanda ndivyo msasa unavyokuwa laini. Namba hii unavuta kwa urefu, namba inayofuata unavuta kwa upana, ili mikwaruzo ya namba iliyopita ijitokeze yenyewe na uifute mmoja mmoja. Mwisho kabisa unavuta kwa urefu, pumzi moja, toka shina hadi ncha, bila kurudi nyuma, kwa sababu mkono ukisita unaacha mkwaruzo uliopinda kama ndoana, na ndoana moja inaharibu siku nzima.

Katikati ya bapa, kutoka kwenye makali kupanda juu, palibaki mstari. Ulikuwa mfupi, hauzidi upana wa ukucha wa kidole kidogo, na mwembamba kuliko unywele. Satini hakushtuka. Mkwaruzo uliobaki si msiba, ni tusi, naye alikuwa ameshatukanwa na chuma mara nyingi kuliko alivyoamkiwa na majirani. Akachukua mia mbili ishirini, akaanza upya.

"Umerudi nyuma," sauti ya kaka yake ikatoka ukutani.

Hapo inabidi nieleze. Mhunzi yule alijua namba za msasa kwa masikio. Mia na ishirini hukoroma. Mia mbili ishirini hufagia uwanja, mia nne hufagia sebule. Mia sita ni gauni refu likipita mlangoni. Mia nane haulii kabisa, unapumua tu. Alikuwa amelala pale akisoma kazi ya mdogo wake kama mtu anayesoma gazeti.

"Nimerudi, Kaka. Kuna mkwaruzo mmoja, mkaidi kama Shemeji."

Shemeji akasema kutoka jikoni kwamba amesikia, na kwamba mtu huyo chakula chake cha mchana atakivuta kwa msasa.

Jumatano akafika tena mia sita na mstari ulikuwepo palepale, haujapungua, kama mgeni aliyeambiwa aondoke akaagiza chai. Satini akashuka hadi mia na ishirini, namba ambayo hakuwa ameigusa kwa bapa lililokwisha kuzimwa tangu ujana wake. Kutoka ukutani kaka yake akauliza anatengeneza kisu au wembe. Satini alicheka kwa sauti ili asikike amecheka. Bapa lilikuwa limeanza kuwa jepesi mkononi.

Mchana ule alifanya alichokuwa anakiogopa tangu asubuhi. Akalipaka bapa mafuta ya taa, akalifuta kwa kitambaa likawa kavu kabisa, akalisugua chaki nyeupe, akakaa juu ya kigoda kuhesabu. Mkwaruzo hauna tumbo, hauwezi kuweka mafuta. Alipofika sitini, chaki ikaanza kulowa. Mstari ukajichora wenyewe taratibu, mweusi juu ya weupe, kutoka makali kwenda juu, upande huu, na alipoligeuza, na upande ule.

Ulikuwa ufa.

Satini akaendelea kuhesabu. Hakujua kwa nini. Alifika mia nne na kitu ndipo akagundua kuwa midomo inatembea.

Kilichomuumiza hakikuwa ufa wenyewe. Visu hupasuka. Ni kwamba alidhani anajua umetoka wapi. Kabla bapa halijaingia motoni kuzimwa, ni kazi ya mmaliziaji kuondoa mikwaruzo yote ya grenda, ile mashine ya kusagia chuma, iliyokaa kwa upana, kwa sababu chuma chenye moto kikitumbukizwa kwenye mafuta hutafuta mahali pa kuchanikia, na mkwaruzo wa upana ni mahali pazuri sana. Siku ile kaka yake alikuwa amesimama kando ya moto akihema kama mtu aliyepanda ghorofa kumi, na Satini, kwa kumwonea huruma asisimame sana, aliharakisha. Palikuwa na sehemu, katikati, karibu na makali, aliyoipitia juujuu. Aliiona, akaiacha.

Miaka thelathini na sita hakuwahi kuacha, halafu akaacha kwenye bapa hili.

Alhamisi alikaa nalo siku nzima akilisugua mia nne bila sababu, ili ukuta usikie kitu. Alijua anajichosha bure. Alifikiria kumwambia kaka yake, akafika mpaka mlangoni mara mbili, na mara zote mbili mhunzi alikuwa macho, anatabasamu, anamuuliza kama wataiwahi Jumapili. Mara ya pili akaongeza kuwa ameanza kufanya mazoezi ya kukaa kitako, ili binti asimkute amelala kama samaki mezani.

Ijumaa Satini akapata wazo, na lilikuwa wazo baya tangu linazaliwa. Ufa ulikaa kwa upana, na satini yao siku zote ilikwenda kwa urefu, ndiyo maana ulionekana. Je, mistari yote ikienda kwa upana, toka mgongoni kwenda kwenye makali? Ufa ungekuwa mstari mmoja kati ya maelfu. Hata yeye asingeuona. Kaka angelishika bapa Jumapili, angeridhika, angemkabidhi binti. Baadaye Satini angeliomba mara moja kwa kisingizio cha kurekebisha mpini, na bapa hilo lisingerudi jikoni hata siku moja. Hesabu yote ilikuwa imekamilika kichwani. Akachukua mia nane, akaanza kuvuta.

Alivuta karibu saa nzima, na kusema kweli lilipendeza. Ufa ulizama kwenye mistari kama mtu anayejichanganya sokoni. Satini alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Mdogo wangu," ukuta ukasema. "Njoo."

Alipoingia alimkuta kaka yake amekaa kitako kweli, mito miwili mgongoni, mikono juu ya shuka. Mikono ile ilikuwa bado mikubwa. Mwili mwingine wote ulikuwa umehama, ukaiacha mikono kama samani nzito isiyobebeka.

"Unavuta vifupi," mhunzi akasema.

Satini alipangusa vumbi la msasa kwenye suruali.

"Mia nane, lakini vifupi. Bapa la mtoto wangu si fupi, nililipima mwenyewe. Kwa hiyo unavuta kwa mkingamo. Lini nyumba hii imevuta mia nane kwa mkingamo?"

"Nilitaka kubadilisha kidogo, Kaka."

"Wewe hujabadilisha hata kofia tangu mama yuko hai." Akapumzika, kwa sababu sentensi ilikuwa ndefu. "Ni ufa?"

"Ni ufa."

Mhunzi alitazama mikono yake. Satini alisubiri atukanwe, na alikuwa tayari, hata aliona kama ingekuwa nafuu. Kaka yake hakutukana. Alisema tu kwamba binti yake anakata vitu kuanzia alfajiri hadi mchana, vidole vyake viko chini ya makali yale siku sita kwa wiki, na kwamba kisu chenye ufa kikikatika mkononi hakimuulizi mtu ni mtoto wa nani.

"Kalivunje," akasema. "Nisikie. Halafu uniambie chembe zikoje."

Kwa wahunzi, chuma kikivunjika ndipo kinasema ukweli. Bapa lililozimwa katika joto lake sahihi huvunjika likaonyesha ndani kijivu, laini, kama unga. Lililopashwa moto kupita kiasi huota chembe kubwa, humeta kama sukari, na chuma cha namna hiyo hupasuka chenyewe, hakingoji mkwaruzo wa mtu. Kwa hiyo swali la kaka lilikuwa na majibu mawili tu. Zikiwa laini, kosa ni la msasa. Zikiwa sukari, kosa ni la moto, na aliyesimama motoni alikuwa yeye.

Satini akarudi karakana. Akalifunga bapa kwenye jiliwa hadi usawa wa ufa, akalifunika tambara, akainua nyundo ndogo. Ilitosha kugusa. Lilitoa mlio mkavu, mfupi, na upande wa pili wa ukuta Shemeji, aliyekuwa anamnywesha mgonjwa supu, akasikika akiweka kijiko chini.

Akaondoa tambara, akapeleka kipande dirishani.

Ilikuwa sukari. Si kidogo, ilimeta toka makali hadi mgongo, chembe kubwa za kuhesabika, bapa zima. Satini alikigeuza, akakigeuza tena, na picha ya siku ile ikamjia yote. Chuma cha moto husomwa rangi yake gizani. Kwa miaka yote walifunga mlango na dirisha kabla ya kuzima. Siku ile kaka yake aliomba mlango ubaki wazi, kifua kilitaka hewa, na jua la saa sita likaingia hadi kwenye moto. Kwenye jua, chuma kilichoiva kupita kiasi huonekana bado hakijaiva. Kaka alingoja kiive, na kilikuwa kimeiva zamani. Mkwaruzo wa Satini haukuwa na lolote. Bapa lililozimwa vizuri lingemsamehe mikwaruzo kumi.

Kwa muda kama wa kuvuta msasa mara moja, toka shina hadi ncha, Satini alikuwa mtu huru. Kisha akasikia kikohozi ukutani, akakumbuka ni nani anayesubiri.

Akaingia na vipande vyote viwili. Mhunzi akavipokea, akapitisha dole gumba pale palipovunjika, lakini gumba lile lilikuwa limeungua mara nyingi mno, lingeweza kuokota kaa la moto na kuliuliza hali. Halikumwambia kitu. Akavisogeza machoni, akavirudisha.

"Sioni tena vitu vidogo," akasema. "Macho ya nyumba hii ni wewe. Zikoje?"

Shemeji alikuwa amesimama na bakuli la supu. Satini akamtazama kaka yake usoni.

"Laini, Kaka. Kama unga."

"Laini."

"Laini kabisa. Ulilizima vizuri. Ni mkwaruzo wangu, niliruka mahali kabla hujalitia moto. Niliona, nikaacha."

Mhunzi akafumba macho, na Satini aliona uso wake ukifunguka, mkunjo baada ya mkunjo, kama kitambaa kinachopigwa pasi. Alipofumbua alikuwa na hasira, na hasira ilimpendeza, ilimrudishia miaka mitano.

"Miaka thelathini na sita," akasema. "Umesubiri hadi bapa hili ndipo ukosee. Umeniulia kisu cha mtoto."

"Ndiyo, Kaka."

"Toka mbele yangu."

Siku ile mhunzi alimaliza supu yote, akaomba nyingine. Akamwambia mkewe kuwa mkono bado upo, kumbe alijishuku bure. Jumatatu atasimama afue kingine, na safari hii mikwaruzo ataikagua mwenyewe maana nyumba hii haina tena mtu wa kuaminika. Akamtuma amwambie Satini akate chuma cha urefu uleule, asafishe sinia la mafuta, aandae mkaa. Satini akakata, akasafisha, akaandaa. Mgonjwa alisikiliza kila kitu kupitia ukutani, na pale msumeno ulipokwenda kombo alimsahihisha.

Wageni wa kumjulia hali walikuja, na kila mmoja alipewa habari. Fundi viatu wa jirani aliambiwa kwamba Satini aliharakisha. Seremala wa mipini, aliyekuja jioni, aliambiwa kwamba Satini alikuwa anasinzia. Jumamosi ikawa alikuwa amelala kabisa, msasa mkononi, anakoroma. Jumapili, binti alipofika na matunda yake kwenye mfuko, baba yake akamshika mkono akamweleza kuwa kisu chake kilikuwa tayari, kizuri kuliko vyote, ila baba yake mdogo alikuwa amekunywa pombe. Satini, ambaye hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha, alikuwa upande wa pili wa mbao akilisugua sinia ambalo lilikwisha kuwa safi tangu jana. Alisikia neno kwa neno. Alisikia pia sauti ya kaka yake ilivyokuwa na nguvu, akaendelea kusugua.

Jumatatu asubuhi mhunzi akauliza kama moto umewashwa. Akaambiwa umewashwa. Akauliza kama mlango umefungwa, na hakungoja jibu. Moto uliendelea kuwaka peke yake mpaka mchana, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuzima, na chuma kilichokatwa kilibaki juu ya fuawe, baridi.

Kwenye mazishi watu walimpa Satini mkono haraka haraka, kama mtu anayegusa chungu kujua kama bado kina moto. Seremala alimwambia ajipe moyo, makosa hutokea, akamtazama machoni kidogo kuona kama ni mekundu. Satini alimshukuru. Aliporudi karakana alivichukua vile vipande viwili, akavisaga kwenye grenda pale palipovunjika, hadi chembe zote zikaisha na ushahidi ukawa vumbi jeusi sakafuni. Alifanya hivyo kwa haraka, kabla hajapata wasaa wa kujipenda.

Wiki mbili baadaye binti akaja, bado na nguo za jikoni. Alisimama mlangoni, akamwamkia, akaulizwa habari za kazi, akajibu nzuri. Kisha akasema alilojia.

"Baba mdogo, alichosema baba ni kweli?"

Angeweza kukana lile la ulevi, likabaki lile la mkwaruzo. Lakini alijua kamba ile ukivuta uzi mmoja inafumuka yote, na mwisho wake kuna mzee aliyezima chuma juani kwa sababu alikuwa anatafuta hewa.

"Kweli, mwanangu."

Binti aliinamisha kichwa. Satini akaenda kwenye rafu, akateremsha bapa ambalo yeye na kaka yake walilitengeneza miaka miwili nyuma, zamani za afya, likiwa halijawahi kuuzwa kwa sababu kaka alilipenda mno kuliachia. Akalifungua kwenye karatasi yake ya mafuta, akampa. Binti alikuwa mtoto wa mhunzi, alijua kutazama. Akaligeuza kwenye mwanga wa mlango polepole, na mwanga ukatembea juu yake toka shina hadi ncha bila kukwama popote.

"Ni zuri," akasema.

"Ni lako. Baba yako alilifua akiwa mzima. Nitakuwekea mpini leo leo, usubiri tu."

Aliendelea kulitazama kitambo. Alipitisha kidole gumba kwa juu, mahali ambapo siku zote mtu hupitisha kidole, kisha akakiondoa, kama aliyekumbuka kitu.

"Hapana, baba mdogo. Asante. Nitanunua dukani."

Alilisema kwa adabu, kama alivyolelewa. Akalirudisha bapa juu ya meza, makali akiyaelekeza upande wake yeye, asije akamkata mzee.